Vita Ambavyo Bibi Hakuviona

Nyumba ya kina Chiriku haikuhitaji saa ya kuamshia watu. Kulikuwa na baba. Kabla jua halijapata nafasi ya kuchungulia dirishani, baba alikuwa ameshaketi uani kwenye kigoda chake, bati limelala juu ya fuawe yake ya chuma, nyundo mkononi, na mtaa mzima ulikuwa umepata habari kwamba kumekucha. Baba alikuwa fundi bati. Alitengeneza mabirika, majiko, mifereji ya kukingia mvua na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Alipokosa la kutengeneza aligonga tu kitu fulani, labda ili mkono usisahau.

Chiriku hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa shuleni na mwalimu aliyechoka kumwambia anyamaze, na sasa alipokuwa darasa la saba jina lilikuwa limeshamganda kama rangi ya mlango. Alizungumza akipiga mswaki. Alizungumza akinywa chai. Njiani kwenda shule alizungumza na Kifutio, yaani alizungumza yeye na Kifutio akatembea.

Kifutio alikuwa rafiki yake na jirani wa ukuta mmoja. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuweza kuandika sentensi bila kuifuta, kuiandika upya na kuifuta tena. Kurasa za daftari lake zilikuwa zimesuguliwa hadi unaona mkono upande wa pili. Alikuwa msichana wa maneno machache, na hilo lilimfaa sana Chiriku, kwa kuwa redio nayo inahitaji wa kuisikiliza.

Jumatatu moja mwalimu wa historia, mwanamume mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliingia darasani na mgeni.

"Huyu ni mhadhiri wa chuo kikuu," alisema. "Anachunguza historia ya uhamaji. Nani alihama, alitoka wapi, kwa nini, na alipofika alimkuta nani. Mkae kama watu wenye akili, hata kama ni kwa kuigiza."

Mgeni alikuwa mama wa makamo mwenye mkoba mkubwa. Aliweka mezani kinasa sauti kidogo kama kipande cha sabuni, na kabla hajafungua mdomo watoto wa nyuma walikuwa wameshambatiza Mama Kinasa.

"Nani hapa familia yake haijawahi kuhama?" aliuliza.

Mikono mingi ikapanda. Mama Kinasa akamwelekea mvulana mmoja. "Ninyi mpo hapa tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Zamani ya nani?"

"Ya babu."

"Na babu yake babu?"

Mvulana alitazama dari kana kwamba jibu limeandikwa huko, kisha akateremsha mkono polepole ili asionekane. Wenzake wakateremsha yao.

"Karibu kila mtu ametoka mahali," Mama Kinasa alisema. "Kuna kitu kilichomsukuma na kuna kitu kilichomvuta. Nendeni mkamuulize aliye mkubwa kuliko wote nyumbani: ulisukumwa na nini, ulivutwa na nini, na nani alikupokea. Andikeni kama alivyosema. Halafu, hapa mtaani kuna watu wa mlimani, kuna watu wa bondeni, kuna wengine. Msiniandikie kwamba kabila fulani lilifanya jambo fulani. Kabila halina mikono. Niandikieni mtu."

Hilo la mwisho Chiriku hakulisikia. Akili yake ilikuwa bado kwenye jambo ambalo mwalimu alimnong'oneza mgeni na mgeni akalithibitisha kwa kichwa: masimulizi mazuri yangewekwa kwenye maonyesho katika maktaba ya chuo, na aliyeandika angesoma mwenyewe mbele ya watu, kwa kipaza sauti. Mtoto anayesikika bila kipaza sauti, fikiria apewe kimoja.

Jioni alimkuta bibi yake uani, ungo wa maharage mapajani, anatenga mabovu na mawe na kudondosha mazima kwenye sufuria.

"Bibi, sisi tulihama kwa sababu gani?"

"Ndoo," alisema bibi.

"Ndoo?"

"Ndoo za plastiki. Vuta kigoda, shika upande huu wa ungo, nikueleze vizuri."

Chiriku alitazama maharage. Yalikuwa mengi. Akatazama langoni, ambako wenzake walikuwa wanaruka kamba na zamu yake ilikuwa inakaribia. Bibi alikuwa na utaratibu wake ambao haukuvunjwa na mtu: hakumsimulia aliyekaa bure. Ukitaka maneno, mikono ifanye kazi.

"Nipe kwa kifupi tu, bibi."

"Kwa kifupi ni ndoo," bibi alisema, akarudi kwenye maharage yake.

Siku zilizofuata wenzake walikuja na mambo makubwa. Kuna aliyekuja na mafuriko yaliyobeba ng'ombe hadi juu ya paa. Mwingine alikuja na babu aliyejenga reli kisha akaifuata kuona inaishia wapi. Mvulana mmoja wa dawati la mbele, ambaye familia yake ilikimbia vita kweli, aliulizwa ameandika nini akajibu kwamba ni fupi, akabadilisha mazungumzo. Chiriku alijiwazia amesimama kwenye maktaba ya chuo, kipaza sauti kimeelekezwa mdomoni mwake, watu wenye tai wametega masikio, naye anawaambia: ndoo.

Basi akaketi akaandika vita.

Viliandikika kwa urahisi wa ajabu. Nyumba zikachomwa, bibi akavuka mto na mtoto kichwani, mamba akatokea, mamba akashindwa. Tatizo lilikuwa moja: vita vinataka adui, na adui hakuwepo. Familia ya Chiriku walikuwa watu wa mlimani, kama wengi wa mtaa ule. Akaandika kwamba waliokuja na mishale na mienge ya moto walikuwa watu wa bondeni. Ukimuuliza kama wakati huo alimfikiria Kifutio, ambaye alikuwa mtoto pekee wa bondeni katika darasa lao, angeshangaa swali. Kifutio alikuwa Kifutio tu.

Alisoma siku ya Ijumaa, Mama Kinasa akiwa ameketi pembeni na kinasa chake kimewashwa. Hata wale wa kusinzia kila siku waliamka. Mamba aliposhindwa, darasa lilipiga makofi. Kisha makofi yakapungua, na kichwa kimoja kikageuka kumtazama Kifutio, halafu kingine, halafu safu nzima.

Mama Kinasa hakupiga makofi wala hakununa. Aliuliza jambo moja tu. "Bibi yako yupo?"

"Yupo."

"Vizuri. Wiki ijayo, Jumamosi, nitakuja kumrudishia maneno yake."

"Kumrudishia vipi?"

"Ndivyo kazi yetu ilivyo. Nikichukua maneno ya mtu, namsomea mwenyewe kabla hayajaenda mbele za watu. Akisema siyo, yanabaki hapo hapo."

Chiriku alikaa.

Mapumziko yalipofika utani ulikuwa umeshaanza. "Kifutio, mishale umeiacha nyumbani leo?" aliuliza mmoja. Mwingine akasema kamba asipewe, ataichoma moto. Ulikuwa utani wa kawaida kabisa, wa kucheka, na kila aliyeusema aliamini ni yeye peke yake aliyeusema. Chiriku alisema, "Acheni bwana," lakini alisema huku akicheka kidogo, na kila mtu alisikia kile kicheko.

Jumatatu Kifutio alihama dawati. Alikwenda nyuma kabisa, karibu na fagio na ndoo za usafi. Hakugombana na mtu. Asubuhi alitoka nyumbani mapema, na Chiriku akajikuta njiani na maneno yote yale, hana pa kuyaweka. Wiki nzima alizungumza na ukuta, na ukuta ulikuwa msikilizaji mbaya.

Jumamosi ilifika bila kuchelewa hata kidogo. Chiriku alikuwa amejaribu kumpeleka bibi kwa shangazi, na bibi alikuwa amesema shangazi anajua njia ya kuja. Ikabaki mbinu ya mwisho. Alimwambia bibi kwamba kuna mama atapita kuuza sabuni, ni king'ang'anizi, dawa yake ni kumkatalia tu. Kisha akakimbia hadi njia panda, akamdaka Mama Kinasa.

"Shikamoo. Bibi yangu masikio yamekufa," alisema akihema. "Hasikii kabisa. Labda uniachie mimi hayo maneno, nitamrudishia kidogo kidogo."

"Marahaba. Pole yake," alisema Mama Kinasa. "Basi nitapaza sauti."

Na kweli alipaza. Aliinama hadi kwenye sikio la bibi akapiga kelele kwamba ametoka chuo kikuu na amekuja kwa ajili ya historia. Bibi alirudisha kichwa nyuma, akampima mgeni kutoka viatu hadi kilemba.

"Mama," alisema kwa upole, "hata ukipiga kelele, sihitaji sabuni."

"Sabuni gani?"

"Hiyo unayouza."

Baba alisimamisha nyundo. Wakubwa wote watatu wakageuka taratibu kumtazama Chiriku, ambaye alikuwa ameanza kupendezwa sana na sisimizi mmoja aliyekuwa anapita.

"Kumbe unasikia," Mama Kinasa alimwambia bibi.

"Nasikia hadi yanayosemwa jikoni kwa watu. Kaa, mwanangu. Wewe Chiriku usiende popote."

Mama Kinasa akatoa karatasi akasoma, kwa sauti ya kawaida sasa. Alisoma nyumba zilizochomwa. Alisoma mishale ya watu wa bondeni. Bibi alisikiliza mkono ukiwa umesimama juu ya ungo. Walipofika kwa mamba, alimuomba mgeni asubiri, akageukia ukuta wa jirani na kuita.

"Jirani, njoo usikie ulivyonichomea nyumba."

Jirani alikuwa babu yake Kifutio, mzee fundi viatu, mtu wa bondeni tangu utosi hadi unyayo. Alikuja na kiatu cha mteja mkononi, Kifutio nyuma yake. Mama Kinasa alirudia kusoma. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama ile mishale alirusha yeye mwenyewe au alituma watu, kwa sababu macho yake tangu ujana hayaoni hata tundu la sindano. Bibi akaanza kucheka. Mzee akafuata. Walicheka wale wawili hadi mzee akafuta machozi kwa ulimi wa kiatu cha mteja.

"Ninyi mnacheka," alisema Kifutio.

Hakupaza sauti. Hakuwa na mazoea nayo.

"Mimi wiki nzima nakaa na mafagio. Kamba sijashika. Jana wamemuuliza mwalimu kama watu wa bondeni wanaruhusiwa kiberiti. Na huyu," alimwonyesha Chiriku kwa kidevu, "alikuwepo, akacheka."

Kicheko cha wazee kilikatika. Bibi aliweka ungo chini.

"Ni kweli ulicheka?" alimuuliza mjukuu wake.

Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina, alipima neno kabla ya kulisema. Alitafuta la kujitetea, akalipata, akaliangalia, akaona halisimami. "Nilicheka," alisema. "Na vita nilivitunga mimi. Bibi aliniambia ndoo, nikaona ndoo ni aibu."

"Nilikuambia ukae."

"Maharage yalikuwa mengi."

"Bado ni mengi," alisema bibi, na akamsogezea kigoda.

Wote wakakaa kuzunguka ungo, hata Mama Kinasa, baada ya kuomba ruhusa ya kuwasha kinasa chake. Na bibi akaeleza vizuri. Kule mlimani mume wake alikuwa anaziba ndoo na mabeseni ya bati. Kila nyumba ilikuwa na kitu kinachovuja, kwa hiyo kila nyumba ilimhitaji. Kisha lori likapanda na ndoo za plastiki, nyekundu na za buluu, nyepesi kama hakuna kitu. Zikipasuka, watu wanatupa wananunua nyingine. Hakuna aliyemfukuza mume wake kwa mshale. Watu walimsalimia vizuri tu, wakampita na ndoo zao nyekundu.

"Hicho ndicho kilichotusukuma," alisema. "Kilichotuvuta ni migahawa ya huku mjini. Tulisikia ina masufuria makubwa yanayoungua matako kila siku. Mume wangu akafunga fuawe kwenye baiskeli, mimi nikambeba huyu." Akaonyesha baba, ambaye alijifanya kukagua bati.

"Mkapokelewa na nani?" aliuliza Mama Kinasa.

"Tulianza kwa watu wetu wa mlimani. Walikuwepo mjini hapa, tena wana vyumba. Wakasikiliza shida yetu vizuri, wakaitazama ile fuawe, wakasema nyundo itawanyima usingizi. Tukazunguka hadi tukafika kwa huyu. Hajui lugha yetu, hatujui yake. Akatufungulia stoo ya ngozi zake."

"Nilifikiri, mimi nagonga viatu, yeye anagonga ndoo, tugonge wote," alisema mzee. "Sikujua bati lina kelele namna ile. Nilijuta wiki haijaisha."

"Ulitutukana kwa lugha yenu ukidhani hatuelewi."

"Mlikuwa hamwelewi."

"Matusi yanaeleweka, jirani."

"Hata leo asubuhi nimetukana," alisema mzee. "Mwanao ana mkono kama wa baba yake."

Baba alikohoa. Kifutio alitabasamu kidogo, akakumbuka kwamba amekasirika, akaacha. Chiriku aliona. Aliendelea kuchambua, kichwa chini, na alipotaka kuuliza jambo alisubiri bibi amalize kwanza, kitu ambacho kilimuuma kama kubana chafya.

Maharage yalipokwisha alimgeukia Kifutio. "Nisamehe."

"Ulisema mbele ya darasa," alisema Kifutio. "Kaseme mbele ya darasa."

Chiriku alimtazama Mama Kinasa, akitumaini chuo kikuu kina njia ya mkato. Hakikuwa nayo.

Jumatatu alisimama pale pale aliposimama siku ya makofi. Alisema kwamba hakukuwa na vita wala mishale, mamba alikuwa wake mwenyewe, na watu wa bondeni aliwaweka kwa sababu alihitaji wa kulaumu. Alisema kuhusu ndoo, na stoo ya ngozi, na watu wa mlimani waliofunga milango. Kuna waliocheka kuhusu ndoo. Aliwaacha wacheke. Hakuna aliyepiga makofi, naye akaenda kuketi.

Ndipo mwalimu wa historia akavua miwani yake, uzi na yote, akaiweka mezani.

"Sikuwakataza mlipokuwa mnamtania mwenzenu, nami nina sehemu yangu katika hilo," alisema. "Sasa nisikilizeni. Chiriku alidhani anaongeza utamu tu. Chumvi ikizidi kwenye chakula, mwenye kosa na asiye na kosa wote wanaila. Lakini ukitia chumvi kwenye historia, anayeila ni mtu mmoja tu, yule uliyemfanya adui, na atakaa nyuma ya darasa wakati wewe unapigiwa makofi. Mwenzenu wa mbele hapa, familia yake ilikimbia vita kweli. Mmeona alivyoandika kwa ufupi? Aliyeviona hana haja ya kuvipamba. Kwa hiyo ukitaka kujua watu walivyofika hapa, kaa chini usikilize hadi mwisho, na uandike ulichoambiwa. Ikiwa ni ndoo, andika ndoo."

Kifutio hakurudi dawati lake siku ile, wala kesho yake. Alirudi Alhamisi, bila maelezo, akaweka mkoba chini, akaomba kuazimwa kalamu.

Maonyesho yalifanyika mwisho wa muhula. Mama Kinasa hakumpa Chiriku kipaza sauti. Katika kona moja ya maktaba aliweka kiti na vipokea sauti vya masikioni, na mgeni aliyeketi na kuvivaa alisikia wazee wawili, mmoja wa mlimani na mmoja wa bondeni, wakibishana kuhusu kelele za nyundo. Nyuma yao nyundo yenyewe ilikuwa inagonga, maana baba alishindwa kukaa bure, na katikati ya maneno yalisikika maharage yakidondoka kwenye sufuria moja moja.

Wanafunzi wenzake walisikiliza kwa zamu, wakaulizana sauti ya Chiriku iko wapi. Haikuwemo. Alikuwa anachambua maharage.